Mate ya Wifi kwa Jina Langu

Wenzangu, kila mtu ana aibu yake, mwingine ya ulevi, mwingine ya maneno aliyoropoka mbele ya wakwe, lakini yangu mimi ni ya mate, na ubaya zaidi hata hayakuwa mate yangu. Nimejificha nayo vya kutosha. Hapa Gisenyi, mpakani na Goma, siku hizi sipiti barabarani bila mtu kuniuliza kwa kicheko kama leo nimekuja mwenyewe au nimetuma mtu, kwa hiyo naona afadhali nisimulie mimi kuliko kuwaachia majirani, maana wao wameshaongeza mpaka habari za polisi (polisi hawakuwepo, naapa).

Mimi naitwa Zaina, fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko. Kwa mama yetu tuko watatu: dada mkubwa Hadija, kaka yetu Idi, na mimi kitindamimba. Baba alikuwa dereva wa lori, Mungu amrehemu. Mama ana ugonjwa wa sukari tangu mimi nikiwa msichana, Hadija naye ukampata alipofika miaka arobaini, halafu juu ya sukari ikaja saratani ya titi, akapasuliwa, akapewa dawa zile za kutoa nywele, akapona, nywele zikarudi na mdomo wake ukarudi pamoja nazo. Mimi sikuwa na hata kimoja, au niseme sikuwa na kimoja ninachokijua, kwa sababu nilikuwa sijawahi kwenda kupimwa.

Basi mwaka jana wakaja watu wa utafiti kwenye kituo cha afya. Nesi wetu wa kliniki ya sukari, Muganga Claudine (huku kila anayetibu tunamwita muganga), ambaye alikulia Tanzania na Kiswahili chake kimepigwa pasi, alituweka kwenye mabenchi akatueleza: kuna wanawake wenye sukari ambao baadaye wanapata saratani ya titi, na kuna wengine wanaishi na sukari maisha yao yote na saratani hawaijui, sasa wataalamu wanataka kufahamu kama magonjwa hayo mawili yana mzizi mmoja ndani ya vinasaba, yaani yale maandishi ya mwilini tunayorithi kwa baba na mama, ambayo yako kila mahali, mpaka kwenye mate. Kwa hiyo walikuwa wanatafuta ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja aliyeugua na mwingine mzima, kila mmoja atemee kwenye kichupa chake, ili wasome wanafanana wapi na wanaachana wapi.

Hadija alinyoosha mkono nesi hajamaliza hata kumeza mate yake mwenyewe.

"Muganga, tuandike mi na mudogo wangu Zaina. Mi niko na yote mbili, ye hana hata moja. Sisi njo tunafaa!"

Alilitaka jambo hili kwa moyo wote, na nilijua kwa nini. Ana mabinti wawili, na siku moja tukikunja nguo aliniambia kwamba kama kuna kitu kinarithiwa, anataka watu wakisome mapema kwa ajili yao. Nikamwambia dada usijali, nitaenda, si mate tu.

Siku yangu ya kutema ikawa Alhamisi saa tatu asubuhi, mbele ya wale wageni wa utafiti, wasionijua sura. Na mimi nilikuwa na mishanana sita za harusi ya Nyundo, zile nguo za wasindikizaji zenye kitambaa cha kupita begani, na zilitakiwa Jumamosi (hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeniuliza). Nikawa nimekaa kwenye cherehani natazama saa, mguu unakanyaga lakini uzi hauendi, ndipo akapita wifi yangu Esperance, mke wa Idi. Esperance ni Mkatoliki wa Goma, mchuuzi wa karoti, kila siku anavuka mpaka kwenda na kurudi, na hajawahi kukataa shughuli yoyote yenye watu wengi ndani yake. Nikamlalamikia kuhusu nguo na kichupa.

"Mate tu njo inakusumbua?" akasema. "Bon, leta karatasi na kitambulisho. Leo siendi Goma, karoti haiko. Na sisi si tunakulaka ku sufuria moja?"

Kabla hamjanihukumu, lazima mjue namna tunavyoishi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tukiitwa umuganda, kufagia njia na kuzibua mitaro, kila nyumba inatoa mtu, na sisi mara nyingi tunamtoa Esperance, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akiita jina langu yeye anaitikia, na mtaro unazibuka vilevile. Mikutano vivyo hivyo. Kwenye msiba mtu mmoja anabeba pole za nyumba nzima na hakuna anayelalamika. Basi kichwani mwangu utafiti nao ulikuwa umuganda wa mate: nyumba imetoa mtu, kazi imefanyika, tatizo liko wapi? Nikampa karatasi, nikampa kitambulisho (picha yake imefifia, hata mimi sijitambui), nikamfunga mtandio wangu mweusi kichwani, rozari nikamwambia aitie mfukoni, akaenda.

Alirudi saa sita anang'aa.

"Zaina, nimesalimia batu bote asalaam aleikum, mpaka mulinzi wa mulango! Banasema, mama inatosha, chupa imejaa. Mi nikaongeza kidogo, ya heshima."

Tulicheka mpaka sindano ikanichoma. Mishanana zikaisha, harusi ikapita, miezi ikapita, nikasahau kabisa.

Halafu Muganga Claudine akapiga simu. Kwenye karatasi zote mbili palikuwa na namba ya Hadija, kwa kuwa simu yangu mara nyingi haina moto, yaani chaji, kwa hiyo aliyepokea ni Hadija. Nesi alimwambia, kwa utaratibu wake, kwamba vichupa viwili havionyeshi undugu kati yetu, kwamba bila shaka vilichanganywa mahali fulani, kwamba tusiwe na wasiwasi, turudi Jumanne tuteme upya. Hadija alisikia mpaka kwenye neno undugu. Yaliyofuata, alikuja kuniambia baadaye, masikio yake hayakuyapokea.

Akaja kibandani kwangu. Akakaa. Hakusema kitu, na Hadija asiposema kitu mjue kuna ugonjwa. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja yuko nusu ndani ya gauni, mikono juu.

"Zaina," akasema, "baba yako ni nani?"

"Baba si Shabani! Nani mwingine?"

"Chupa inasema sisi si bandugu."

Jamani, hapo ndipo pa kusema. Sekunde ile ile. Ningesema dada, samahani, nilimtuma Esperance, angenitukana mpaka adhuhuri, tungemaliza. Lakini yule mteja wa mikono juu alikuwa amegeuza shingo yote kunisikiliza, na Hadija alikuwa analia, machozi ya kweli, na mimi nikasema, "Labda mashine yao imeharibika." Huo ndio uongo wenyewe, mdogo tu, na nilipoutoa nikaona haurudi tena.

Kabla hajafika nyumbani Hadija alikuwa ameshampigia shangazi yetu Mwajuma, dada yake baba, anayekaa Goma, amuulize kwa siri kama zamani kulikuwa na maneno yoyote. Kumuuliza shangazi Mwajuma kwa siri! Kesho yake asubuhi alikuwa ameshavuka mpaka na mkoba wa nguo za siku nne. Huyu shangazi ndoa ya baba na mama hakuipenda tangu siku ya kwanza, na alikaa miaka hamsini anangoja sababu, na sababu nikampa mimi.

"Mi nilisemaka tangu zamani," akatangaza uani kwa mama, sauti ikiruka ukuta. "Muangalie masikio. Kwetu bote masikio inasimama, ya huyu mudogo imelala. Na mwaka ule Shabani alikuwa ku njia ya Bujumbura miezi ine!"

Mama alikuwa anachagua maharage. Hakunyanyua kichwa. Alipomaliza akasema tu, "Jumanne ni siku yangu ya sukari. Tutaenda bote." Akachukua ungo wake akaingia ndani, na kuanzia hapo akawa anakula peke yake chumbani, anaitikia salamu na basi. Mama yangu, anayewasalimia mpaka mbuzi wa jirani!

Nikamkimbilia Esperance, nikamwambia tuseme. Akashika kichwa.

"Yewe! Mi nilijiita Muislamu mbele ya muganga! Idi atanirudisha Goma. Sikia, Jumanne utatema ya kweli, na itaisha yenyewe."

Itaisha yenyewe, lakini baada ya miezi mingine ya kungoja majibu, na miezi yote hiyo mama yangu angekaa chini ya ulimi wa shangazi. Nililijua hilo. Kila asubuhi nilijiambia nitasema mchana, mchana ukifika naona watu wengi, nasema jioni. Halafu Jumatatu mama akaja kibandani mwenyewe, kwa miguu, na gauni lake la sikukuu la rangi ya zambarau, ananiomba nipunguze upindo kwa sababu siku hizi amefupika na hataki kujikwaa mbele ya watu. Nikampigia pini, nikaupinda upindo ule kwa mikono yangu, na yeye amesimama ananitazama utosini, na sikufungua mdomo. Nilijisikia mchafu. Sijui neno zuri zaidi la kusema.

Jumanne tukaenda wote: mama ndani ya zambarau, Hadija na macho yaliyovimba, shangazi mbele kama ndiye mgonjwa, mimi, na Esperance nyuma kabisa, ambaye alikuja, alisema, ili kunishika mkono. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Jumanne ni wanawake wa sukari kutoka kila upande, wengine wameteremka kutoka Kanzenze na Nyakiriba tangu alfajiri, wamechoka kungoja na wanatafuta cha kusikiliza. Shangazi akawapa.

"Sisi tumekuja juu ya ile mambo ya damu," akamweleza jirani yake kwenye benchi, kwa sauti ya kufika mpaka duka la dawa. "Kuna mutoto mumoja hapa hatujui ni ya nani."

Benchi zima likageuka. Muganga Claudine akatoka mlangoni na vichupa viwili mkononi, akaita jina la Hadija, akaita na langu, lakini aliyesimama ni mama. Alisimama polepole, akashika ukingo wa benchi.

"Muganga," akasema, "leta chupa ya tatu. Niko na miaka sabini na mbili, hakuna mutu alishaka kuniuliza kitu juu ya ndoa yangu. Bon, leo banauliza. Upime hawa batoto, na mi unipime. Hapa, batu bote babone."

Na akafungua mdomo, tayari kutema. (Baadaye Claudine alinieleza kwamba mate ya mama yasingethibitisha lolote kuhusu baba, lakini nani angemwambia vile pale?) Nikaona mkono wake unatetemeka kwenye benchi. Nesi naye akauona.

"Mama, umekunywa chai asubuhi?"

"Bado. Banasema mate haitaki chakula."

"Na dawa ya sukari?"

"Dawa nimekunywa."

Uso wa nesi ulibadilika, maana dawa ya sukari kwenye tumbo tupu inaweza kumwangusha mtu. Wale wa utafiti walisema nusu saa bila kula. Mama, ili mate yake yawe safi yasiyo na shaka, alimeza dawa akakaa na njaa tangu swala ya alfajiri. Sikuamua kusema. Nilisikia tu mtu anapiga kelele, na alikuwa mimi.

"Ni mate ya Esperance! Mama, kaa chini! Mi sikutema! Nilituma Esperance!"

Shangazi akanigeukia.

"Esperance gani?" akauliza.

Watu wote wakafuata macho yangu mpaka mwisho wa benchi, alipokuwa amekaa wifi yangu, kitenge cha njano, rozari shingoni. Akainua mkono kidogo.

"Bonjour, muganga."

Mama mmoja akampiga mwenzake paja. "Ayiii! Njo ule wa asalaam aleikum! Si alinisalimia mara mbili!" Basi, benchi la kwanza likaangua kicheko, likafuata la pili, wanawake wanafuta macho na pembe za vitenge, mlinzi wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini, akasimuliwa, naye akaanza. Hadija alinipiga mgongoni, akanikumbatia, akakumbuka machozi yake ya siku zile, akanipiga tena.

Claudine hakucheka. Kwanza alimletea mama chai yenye sukari na mkate, akamsimamia mpaka akamaliza, ndipo akanigeukia na Kiswahili chake cha pasi. "Zaina, unaelewa ulichofanya? Tungemsoma mtu ambaye si ndugu tukidhani tunasoma ukoo wenu. Dada yako ametoa mate yake kwa ajili ya wanawe. Wewe ulimpa karoti za Goma." Benchi likaangua kicheko tena, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze, maana Hadija alikuwa ananitazama, na hakuwa anacheka.

Shangazi naye alikuwa anatafuta mkoba wake taratibu. Mama akamwambia, mdomo umejaa mkate, "Wifi, kaa. Unaenda wapi? Kunywa chai." Shangazi akakaa. Akanywa ile chai kama dawa.

Nikapewa kichupa changu. Mnadhani mate yalitoka? Mdomo mkavu kabisa! Wanawake sitini wananitazama, wananipa ushauri, fikiria ndimu, fikiria maracuja (pasheni) changa, mwingine ananionyesha namna ya kusogeza ulimi, na kila nikipata tone wanashangilia. Ilinichukua karibu nusu saa kutoa kile ambacho Esperance alikitoa na nyongeza ya heshima juu.

Nilipokaa pembeni nipumzike, mama akanisogelea. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Zile nguo za Nyundo zilikuwa za Jumamosi," akasema polepole. "Alhamisi ulikuwa na wakati. Uliogopa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kitu kingine. Niliogopa watanikuta na ile ya Hadija. Niliogopa nikitema tu, mtu atasoma pale, ataniambia nywele zangu zitatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nazifagia za Hadija chini ya kitanda chake. Sikutaka kujua.

Sikujua kwamba Hadija yuko nyuma yangu. Alinishika mkono, akanivuta mpaka chumba cha pili, akamwambia nesi wa humo, "Muangalie titi yake. Mi nabaki hapa." Na alibaki, ameshika mtandio wangu, anaongea bila kupumua ili nisisikie woga. Hawakukuta uvimbe wowote, wakaniambia nirudi kila mwaka. Halafu wakanichoma kidole, na hapo wakakuta kitu: sukari. Ilikuwa inaanza. Na siku ile ya Alhamisi walipima vidole pia, Esperance akaniletea kikaratasi kwamba sukari yangu iko vizuri, nami kwa kikaratasi hicho nilikunywa soda miezi saba kwa amani, kwa afya ya wifi yangu! Siku hizi Jumanne tunakaa watatu kwenye benchi, mama, Hadija na mimi, na wananitania mimi kwa kuwa ni mwanafunzi mpya.

Majibu ya mate yangu ya kweli yalikuja mwezi uliopita. Claudine alipiga, safari hii kwa mama, kwa sababu mama ndiye aliyetaka hivyo na sisi mabinti tulikubali. Mama akamwambia angoje kidogo. Kwanza alinituma nimwite shangazi Mwajuma kwenye simu yangu (ilikuwa na moto siku hiyo), akaziweka simu mbili uso kwa uso juu ya mkeka, sauti mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Sema, muganga."

"Mama, vichupa vimekubaliana. Hadija na Zaina ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja."

"Rudia, mwanangu. Sikio yangu haisikie muzuri."

Claudine akarudia. Mama akamwomba arudie tena, pole pole, kwa sababu mtandao wa Goma, alisema, unakatikakatika. Nesi akasema mara ya tatu, neno moja moja, na kutoka Goma hatukusikia kitu ila pumzi. Masikio ya mama hayana ugonjwa wowote. Anamsikia jirani akifungua mfuko wa sukari nyumba ya tatu.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya mkeka, nikaapa palepale, na nawaapia na nyie: nikiitwa kwa jina langu, nitaitikia kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kama umekauka.